Discovery 3 ya mazutu hapa Lubumbashi: gharama zake nitaziweza?

Mama wa Bel-Air

Yambo ndugu zangu. Naomba ushauri wa watu walioiendesha gari hii na kulipia matengenezo yake.

Nauza dawa za mifugo na chakula cha kuku. Wateja wangu wengi wako njia ya Kipushi na njia ya Kasenga, na mara kwa mara napeleka mzigo Likasi. Gari yangu ya sasa ni RAV4 ya esansi (petroli), imechoka. Kiangazi inanitosha, lakini mvua za Novemba zikianza, vijia vya kuingia mashambani vinaishinda na mimi nabaki kutafuta vijana wa kusukuma.

Nimeoneshwa Land Rover Discovery 3 ya mwaka 2008: mazutu (dizeli), moteri 2.7 V6, bwati (giaboksi) otomatiki, viti saba vya ngozi, usukani kushoto, ilitoka Ubelgiji. Kilomita zinaandika 214,000. Mwenyewe anataka dola 9,500. Prado za umri huohuo ninazooneshwa zinaanzia 17,000, na hizo si nzuri.

Nimeiendesha kutoka mjini hadi mtaa wa Golf na kurudi. Mashimo yanayonipiga mgongo kwenye RAV4, humo niliyaona kwa macho tu. Tangu siku hiyo siwazi gari nyingine.

Shemeji yangu anasema nisithubutu, jipu za namna hiyo zinakula mtaji wa mtu. Fundi wangu wa siku zote naye akatikisa kichwa, ila nilipomuuliza ni kitu gani hasa kinachoharibika, jibu likawa "elektroniki" na basi. Sitaki kuogopeshwa, nataka hesabu. Nina dola 12,000, na hizo ndizo zote. Nitainunua na kuitunza, au itaishia chini ya turubai uani kwangu?

Njia ya Kolwezi

Mama, tafuta Prado. Mimi kila wiki niko barabarani kati ya hapa na Kolwezi, na jipu ninazoziona zimefunguliwa kapo (boneti) pembeni ya barabara huku mwenyewe ameshika simu mara nyingi ni hizi za kifahari: Range, Touareg, ML, X5. Prado nayo inaharibika, asikudanganye mtu, lakini kila garaji ya mjini hapa kuanzia komini ya Kenya hadi Ruashi inajua pa kuanzia, na piesi (vipuri) unazipata kabla jua halijazama. Ongeza pesa, ngoja miezi michache, nunua Toyota ulale.

Papa Kampemba

Mama, yambo. Gari unayoitaka ndiyo niliyo nayo, 2.7 ya mazutu na bwati otomatiki. Niliichukua ikiwa na kilomita 130,000 na sasa imevuka 290,000. Kazi yangu ni matengenezo ya mashine kwenye kampuni inayohudumia migodi, kwa hiyo kila kitu ninachobadilisha nakiandika kwenye daftari pamoja na bei. Ninaipenda gari hii kwa dhati, na kwa sababu hiyo nakuomba unisome hadi mwisho kabla hujamhesabia mtu pesa.

Watu wanapenda kuuliza gari inaharibika mara ngapi. Kwa Lubumbashi mimi naanza na swali jingine: ikiharibika, piesi inatoka wapi, na wakati inangojwa utatembea na nini? Prado ikikataa asubuhi, mchana umeshapata kitu mjini. Discovery ikitaka sensa ndogo tu ya kupima urefu wa gari, hiyo inatoka Afrika Kusini kwa lori, inavuka Zambia, inasubiri mpakani Kasumbalesa, au inakuja kwa ndege kutoka Ulaya au Dubai. Bei ya sensa yenyewe haitishi. Kinachouma ni usafiri, duane (ushuru wa forodha), na wiki ambazo gari imelala. Anayekwenda ofisini atapanda taksi. Wewe duka lako lote linatembea ndani ya gari. Kwa hiyo sharti langu la kwanza: usiiuze RAV4. Kama mpango wako ulikuwa kuiuza ili kujazia bei, acha Discovery leo hii.

Ukiagiza Afrika Kusini kumbuka pia wao usukani wao ni kulia. Piesi za moteri, bwati na breki hazina shida, ila taa za mbele na vitu vya usukani uliza mara mbili kabla hujalipa. Taa za kule zinaelekeza mwanga upande usio wetu.

Sasa moteri. Hiyo 2.7 ilitokana na ushirikiano wa Ford na Peugeot-Citroën, na ndugu zake walifungwa kwenye Jaguar S-Type na Peugeot 607. Inatoa farasi 190 na mvuto wa Nm 440. Ukiwa na mzigo kwenye kilima cha kuingia Likasi utaelewa maana yake. Ugonjwa wake mkubwa unajulikana kila nchi: beringi za vilbrekeni (kranki ya moteri) kuhama mahali pake, au vilbrekeni yenyewe kukatika. Haizipati zote, lakini ikitokea, moteri hiyo huitengenezi, unatafuta nyingine, na dalili ya mapema ya kutegemewa hakuna. Silaha uliyo nayo ni mafuta safi. Kitabu kinaruhusu kilomita 24,000 kati ya vidanji (kubadili oili) mbili, na kitabu hichohicho kinataka muda upunguzwe kwenye mazingira magumu. Vumbi letu la kuanzia Juni hadi mvua inapoanguka ni mazingira magumu. Mimi sivuki 8,000. Ni karibu lita sita za 5W-30 sintetiki pamoja na filta, na mkebe naununua mahali ninapoaminiana na muuzaji kwa miaka, maana mafuta ya bandia yamejaa mjini na chupa yake inapendeza kuliko ya kweli.

Mikanda ni miwili, na hapa ndipo gari nyingi zinapouawa na mafundi wenye haraka. Wa mbele unaendesha valvu. Wa nyuma unaendesha pampu ya presha kubwa ya mazutu, na kwa sababu mkono haufiki huko vizuri, wengi wanauacha na kukuambia kazi imekwisha. Wa nyuma ukikatika, gari inazima na unavutwa. Wa mbele ukikatika, valvu na pistoni zinagongana. Kiwanda kilitoa kikomo cha kilomita 168,000 au miaka 7, kinachotangulia. Gari ya 2008, kwa umri peke yake, ilipaswa kubadilishiwa mara mbili. Halafu gari za miaka ya mwanzo zina pampu ya oili ambayo mahali pa kushikia tenshena (kikazio) ya mkanda ni pembamba. Pakivunjika, mkanda unaachia hata kama ni mpya. Pampu iliyoimarishwa ilikuja baadaye. Siku ya kubadili mkanda, mwambie fundi akuoneshe sehemu hiyo, na kama ni ile ya zamani, weka mpya siku hiyohiyo. Usikubali kufungua mara mbili kwa sababu ya kubana dola mia.

Bwati ni ya kampuni ya ZF, gia sita, 6HP26. Ni bwati nzuri sana. Waliandika kwamba mafuta yake ni ya maisha yote, ila ZF wenyewe wanashauri kubadili kati ya kilomita 80,000 na 120,000. Karteri yake (bakuli la mafuta chini) ni ya plastiki na filta imeungana nayo, kwa hiyo unabadilisha vyote pamoja. Fundi akikuambia ataosha filta, huyo hajawahi kuifungua.

Sasa hewa, kwa sababu najua ndiyo iliyokuteka ulipopita kwenye mashimo. Badala ya springi, gari hii imekaa juu ya mito minne ya mpira inayojazwa hewa na kompresa. Kompresa yenyewe iko chini ya gari, upande wa kushoto, ndani ya kifuniko cha plastiki. Fikiria vumbi jekundu la njia ya Kasenga linaingia humo miezi mitano, kisha maji. Ile ya kwangu ilichoka ikiwa na umri wa kawaida tu. Ilianza kwa kuinuka polepole asubuhi, baadaye ikawa inanguruma muda mrefu, mwisho taa ya njano. Niliibadilisha pamoja na relei yake, kwa sababu relei ya zamani ikinata inaiacha kompresa mpya inazunguka bila kupumzika hadi inaungua. Kama mto mmoja una tundu, kompresa inafanya kazi ya ziada kila siku, na utajikuta umenunua kompresa kumbe ugonjwa uko kwenye mpira wa dola mia mbili.

Namna ya kujua mto gani unavuja ina siri moja. Gari hii, hata ukiwa umeizima na kufunga milango, kompyuta yake inaamka yenyewe usiku na kushusha kona nyingine zilingane na iliyo chini. Asubuhi unaikuta imelala sawasawa yote, na fundi anakuambia mito yote minne imekufa. Nenda jioni, pima kwa futi kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi kila kona, kisha ondoa waya wa betri. Asubuhi pima tena. Kona iliyoshuka peke yake ndiyo yenye tundu. Maji ya sabuni yatakuonesha mahali penyewe, mara nyingi ni mkunjo wa mpira chini, ambapo mchanga unakaa na kusaga.

Na betri ndiyo nataka umpelekee fundi wako wa "elektroniki". Gari hii ina kompyuta nyingi zinazozungumza, na umeme ukipungua kidogo kila moja inalalamika kivyake: hewa, breki ya mkono, bwati, vyote vinawaka kwa pamoja. Nimeshaombwa kuangalia Discovery ya jirani iliyokuwa inaletewa piesi moja baada ya nyingine, na betri iliyokuwa ndani ni ndogo ya gari ya esansi. Taa zikiwaka nyingi kwa mkupuo, pima betri na altenata kabla ya neno lolote.

Hesabu sasa. Bei hizi ni za daftari langu, za miaka hii miwili, pamoja na usafiri na mkono wa fundi. Mikanda yote miwili na pampu ya oili: 900. Mafuta na karteri ya bwati: 350. Kompresa na relei: 600. Matairi manne ya inchi 18 yenye ukuta wa kutosha kwa njia zetu: 700. Jumla 2,550. Ukimpa mwenye gari 9,500, umebakiwa na 2,500, na pesa hiyo imekwisha kabla hujaweka mazutu. Baada ya hapo mimi natenga dola 150 kila mwezi kwenye bahasha ya gari. Kuna miezi haiguswi kabisa. Kisha zinakuja bushi za mikono ya chini, diski, rotila (boljointi), na bahasha inafunguliwa. Mazutu inakula lita 12 hadi 13 kwa kilomita 100 mjini, na karibu 10 nikiwa natembea kwa utulivu kwenda Likasi.

Kwa pesa yako, bei ya gari hii haifai kuvuka 7,500, na karatasi za mikanda ziwepo. Bila karatasi, hesabu kwamba haijabadilishwa.

Fundi wa Katuba

Papa Kampemba amesema kweli, namwachia heshima yake. Mimi ni fundi, nina miaka ya kutosha chini ya hizi gari, na naongeza ya kuangalia siku utakayokwenda.

Mama, fika moteri ikiwa baridi. Weka kiganja kwenye kapo kabla ya salamu. Muuzaji aliyeipasha moto mapema anaficha namna inavyowaka. Ikiwaka, sikiliza sekunde za kwanza, na mtu asimame nyuma aangalie moshi. Iache ingurume robo saa, halafu ipandishe na ishushe kwa kitufe cha hewa, kutoka chini kabisa hadi ile hali ya njia mbaya. Ikichukua muda mrefu sana kupanda, kompresa inaomba ruhusa.

Vuta breki ya mkono, ile ya kitufe. Inakaza kwa mota ya umeme nyuma. Ikilia kama chuma kinachosagwa, viatu vya breki vimejaa vumbi au havijarekebishwa. Inatengenezeka, lakini ukipuuza mota inajivunja na hiyo si ya bei ndogo. Wateja wangu wa njia za vumbi nawaambia waoshe ndani ya diski za nyuma kwa maji kila wanaporudi.

Ingiza mkono chini ya kapeti, miguuni pa dereva na pa abiria wa mbele. Paa la kioo lina mirija midogo inayoshusha maji kwenye nguzo. Kiangazi kizima inajaa vumbi, mvua ya kwanza ya Novemba inakuta imeziba na maji yanaingia ndani, karibu na nyaya. Kapeti yenye unyevu mwezi wa Agosti inasimulia mvua ya mwaka jana.

Skana zile ndogo za mjini zinasoma moteri peke yake. Kwa gari hii tafuta mwenye kifaa kinachoingia kwenye kompyuta zote. GAP IIDTool kwa mfano inaunganishwa na simu, na kuna wachache wanazo hapa. Soma kasoro zote, zifute, endesha nusu saa, soma tena. Zinazorudi ndizo za kweli.

Na mazutu, Mama, nakuomba. Usinunue kwa kadhafi (muuza mafuta ya vidumu) wa barabarani, hata ukiwa umebanwa. Kidumu kimepigwa jua, kina maji chini, na injekta za moteri hii zinafanya kazi kwa presha ambayo tone la maji linaziumiza. Badilisha filta ya mazutu mapema kuliko kitabu, na maji yaliyokusanyika chini yake yatoe mara kwa mara.

Mama wa Bel-Air

Papa Kampemba, Fundi, Mungu awabariki. Nimesoma nikiwa na kalamu.

Nilirudi kwa mwenye gari jana jioni na nikapima kama mlivyosema, naye akakubali kuondoa waya wa betri. Leo asubuhi kona tatu ziko palepale, ya mbele kushoto imeshuka vidole vitatu. Kapeti kavu. Breki ya mkono kimya. Anasema mikanda ilibadilishwa Ubelgiji kabla ya kusafirishwa, ila karatasi "zilibaki kule". Nikamwambia 7,000, akacheka, akaniita baadaye na kusema 7,800.

RAV4 siiuzi, hilo limeniingia.

Kuna mtu mwingine ananionesha Discovery 4 ya 2010, moteri 3.0, kwa 13,500. Anasema hiyo magonjwa yote ya 2.7 yaliondolewa. Ni kweli?

Papa Kampemba

Hapana, Mama. Discovery 4 ni nzuri zaidi ndani, breki zake ni kubwa zaidi, na moteri 3.0 ina nguvu zaidi, hayo nayakubali. Lakini habari za vilbrekeni ziliendelea kwenye 3.0 pia, pengine hata kwa sauti kubwa zaidi. Mikanda miwili bado ipo. Na zile zilizotoka Ulaya kwa kawaida zina chujio la masizi kwenye ekzosi. Chujio hilo linataka mazutu yenye salfa kidogo, mafuta ya moteri ya aina yake, na safari ndefu za kuliunguza masizi yake. Wewe ukiwa mjini unasimama kila mtaa kushusha mifuko ya chakula cha kuku, litaziba. Watu wanaliondoa na kubadili programu ya kompyuta, na ubora wa kazi hiyo unategemea aliyeifanya. Hiyo 13,500 inapita mfuko wako wote kabla ya tairi moja.

Kwa nchi hii mimi bado nachagua 2.7 isiyo na chujio. Ni rahisi zaidi, na piesi zake nyingi zinapatikana kutoka kwenye gari zilizokatwa, kwa sababu ziliuzwa kwa wingi tangu 2004 hadi 2009.

Kona ya mbele kushoto isikutishe. Hiyo ni mto mmoja, ununue miwili, wa kushoto na wa kulia, uifunge pamoja. Kanuni yangu ni kwamba vitu vya mpira vyenye umri mmoja vinakufa jirani. Kinachonisumbua ni karatasi zilizobaki Ubelgiji. Mtu aliyelipa kazi kubwa kama ile anaitunza karatasi yake kuliko funguo ya pili.

Njia ya Kolwezi

Niseme la haki pia kuhusu upande wangu, kwa kuwa Mama anasoma kwa makini. Prado za mazutu za miaka ile, zile za 3.0 D-4D, injekta zake nazo zina jina baya. Zikivuja, mazutu inaunguza pistoni, na zipo zilizopata moteri nyingine kwa sababu hiyo. Dalili ni kugongagonga asubuhi moteri ikiwa baridi, na wavu wa kufyonzea oili chini ya moteri kuziba masizi. Kwa hiyo hata ukinunua Prado ya 17,000, weka pesa ya injekta nne pembeni. Toyota iliyochoka kwa bei ya Toyota nzima, hiyo nayo ni hasara, na mjini zimejaa, zimepakwa rangi mpya na kilomita zimerudishwa nyuma.

Bado ningechukua Prado. Lakini kama una RAV4 ya kukusaidia na fundi kama huyu wa Katuba, sikukatazi tena.

Fundi wa Katuba

Asante, mkubwa. Mama, kuhusu mikanda kuna njia ya kujua bila karatasi. Kifuniko cha juu cha mkanda wa mbele kinafunguka, ni kazi ya muda mfupi kwa mtu anayeijua. Ukiuona mkanda, angalia mgongo wake: uliofungwa karibuni una maandishi na namba zinazosomeka, wa zamani umeng'aa na kufutika, na ukiukunja kidogo kwa kidole unaona nyufa ndogo kati ya meno. Pia kuna tabia ya mafundi wa Ulaya kubandika kikaratasi chenye tarehe na kilomita karibu na kifuniko au kwenye kapo. Kitafute. Mwambie mwenye gari nitakuja mimi na vifaa vyangu, nitafungua na kufunga mbele yake, na nikiharibu kitu nalipa.

Mama wa Bel-Air

Nimempigia. Bei amekubali kushuka hadi 7,200, na mto wa hewa anasema atanipunguzia 200 nyingine. Lakini kufungua kifuniko amekataa kabisa. Anasema gari yake haiguswi na fundi wa nje kabla ya pesa kulipwa. Nimembembeleza, nimemwambia Fundi atalipa akiharibu, jibu ni lilelile. Roho yangu inaitaka hii gari, siwaficheni. Kwa dola 7,000 mniambie, nichukue nihesabu kwamba mikanda ni mibovu na nibadilishe siku hiyohiyo?

Papa Kampemba

Hesabu yako ingekuwa sahihi kama hofu ingekuwa mikanda peke yake, Mama. 900 unayo, unabadilisha, kwisha. Lakini mtu aliyekubali kushusha dola 2,500 na hakubali kuondolewa kifuniko cha plastiki, anajua kitu kilicho nyuma yake. Inawezekana ile sehemu ya tenshena kwenye pampu imeshaunganishwa kwa kulehemu. Inawezekana mkanda ulishakatika na kichwa cha moteri kikarudishwa na valvu za mitumba. Hayo huyaoni kwa kuendesha hadi Golf, na hayalipiki kwa pesa itakayobaki mfukoni mwako.

Mwachie gari yake. Gari hizi hazina wanunuzi wengi hapa, kwa hiyo anayezijua anachagua, na bei inashuka kila mvua zinapokaribia. Mwezi uliopita niliona mbili zikiuzwa na watu wa migodi waliomaliza mkataba, na watu wa aina hiyo mara nyingi wana daftari la matengenezo kwa sababu kazini kwao wanadaiwa. Nitauliza tena wiki hii. Ukipata nyingine, ya huko au ya kwingine, mjulishe Fundi na mimi usiku wa kuamkia siku ya kuiangalia, tuikute haijawashwa.

Mama wa Bel-Air

Nimemwambia hapana. Nangoja habari zako, Papa.